Mcheza kwao hutuzwa, na anayehama kwao je?

Walimu wa Kiswahili hupenda kuwaonyesha wanafunzi tofauti iliyopo baina ya vitenzi viwili vinavyofanana mno: kuaga na kuagana. Mtu anaweza kuaga akiwa peke yake. Anaweza kuuaga ujana wake, akaiaga kazi yake, na hatimaye akaiaga dunia. Kuagana, hata hivyo, hakuwezekani bila mwenzi. Ile silabi ndogo ya kutendana inadai watu wawili au zaidi, waonane ana kwa ana, wasemezane, kisha kila mmoja ashike njia yake. Isitoshe, lugha yetu inalo neno buriani, ambalo si kwaheri tupu. Anayemtaka mwenzake buriani humwomba pia radhi kwa yale yote yaliyopita kati yao, ili pasiwe na anayeondoka na kinyongo moyoni wala anayebaki na deni.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu muhula uliopita, mimi na wanafunzi kumi na watatu wa chama cha densi katika shule moja ya Eastlands jijini Nairobi, tulitengeneza video ya densi kuhusu kuagana. Video yenyewe ina urefu wa dakika saba tu. Hatukuirekodi darasani wala ukumbini. Tuliirekodi mchana kweupe katika uwanja wa wazi mtaani Kaloleni, mbele ya watoto, wazee, wachuuzi na kila aliyekuwa akipita. Tangu siku hiyo nimeulizwa na walimu wenzangu, tena zaidi ya mara moja: mambo ya huzuni kama hayo yalihitaji kupelekwa hadharani kwa nini? Makala haya ni jibu langu.

Hebu kwanza niueleze mtaa wenyewe, maana huenda msomaji wa Kisii au wa Voi hajawahi kuukanyaga. Kaloleni iko kando ya barabara ya Jogoo, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya jiji. Ilijengwa katika miaka ya 1940, na katika ujenzi huo walitumiwa pia mateka wa kivita wa Kiitaliano. Nyumba zake ni za mawe, fupi, zenye mapaa ya vigae, na zimepangwa kuzunguka nyanja za nyasi na miti. Katikati ya mtaa upo ukumbi wa kijamii ambamo wanasiasa wa enzi za kupigania uhuru, marehemu Tom Mboya akiwa mmoja wao, walikuwa wakihutubia umma. Waliouchora mtaa huu walikuwa watumishi wa serikali ya kikoloni, na wala sina haja ya kuwasifu. Lakini jambo moja walilifanya ambalo wajenzi wengi wa leo wamelisahau: waliacha nafasi kati ya mlango wa mtu na mlango wa jirani yake.

Nafasi hiyo ndiyo iliyotuvuta. Ni humo watoto hucheza kandanda, maharusi huchukuliwa kwa vigelegele, na mahema ya matanga hupigwa mtu anapofariki. Aliyezaliwa mtaani humo huagwa papo hapo alipoanza kutambaa. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Wanafunzi wangu kadhaa ni wakazi wa mitaa hii, na hapa ndipo kwao.

Lakini ni kwao kwa muda gani? Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kwa miaka kadhaa sasa mpango wa kuifufua mitaa mikongwe ya kaunti umekuwa ukizungumzwa, na mitaa ya Bahati, Maringo, Jericho, Lumumba na Ziwani imetajwa miongoni mwa ile itakayobomolewa ili maghorofa yajengwe. Mtaani Pangani nyumba za zamani za kaunti zimekwisha kubomolewa. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, inayotaka kila mwenye mshahara akatwe asilimia 1.5 kwa ajili ya ujenzi wa aina hiyo. Ukiuliza Kaloleni iko wapi katika orodha hii, kila mtu atakupa jibu lake. Wapo wanaosema mwaka ujao, wapo wanaosema kamwe, na wapo waliokwisha kuanza kupeleka vitanda vyao mashambani.

Msomaji asinielewe vibaya. Mimi si mpinzani wa nyumba mpya. Nyumba nyingi katika mitaa hii zimechakaa. Mapaa yanavuja, mifereji ya maji taka imepasuka, na familia ya watu saba hulala katika vyumba viwili. Hakuna heshima katika kuoga kwa zamu. Anayeililia mitaa ya kale ilhali yeye mwenyewe analala kwenye nyumba yenye maji ya bomba usiku na mchana anapaswa kwanza kuwauliza wanaoishi humo. Ninalolisema mimi ni jambo dogo zaidi, na nadhani ni la haki: watu wanaohamishwa wapewe nafasi ya kuagana, na uwanja wa kuagania usiwe kitu cha kwanza kumezwa.

Tukiitazama historia tutaona kwamba Eastlands yote ni kitabu cha kuagana, na majina ya mitaa yake ndiyo vichwa vya sura. Kariokor ni jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Vijana walichukuliwa vijijini kwa nguvu wakabebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Wengi waliuawa na maradhi na njaa wala si risasi. Kila anayesema leo kwamba anakwenda Kariokor kula nyama choma analitaja kaburi lisilo na jiwe.

Kuna pia Shauri Moyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikibomoa kijiji cha Pangani, kilichokuwa makao ya Waafrika waliojijengea nyumba zao wenyewe. Shauri Moyo ikajengwa ili kuwapokea baadhi ya waliohamishwa. Pangani, kwa hiyo, imebomolewa mara mbili katika muda usiotimia karne moja. Ningependa mwalimu wa historia awaulize wanafunzi wake: mtu anapokipa kitongoji kipya jina la shauri la moyo, anafikiria nini?

Halafu ikaja tarehe 24 Aprili 1954. Alfajiri ya siku hiyo majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji wa Nairobi katika msako uliopewa jina la Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa viwanjani na mitaani, wakachujwa, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini, wengi wao Mackinnon Road na Manyani. Wake na watoto walifukuzwa kwenda mashambani. Viwanja vilevile ambavyo jana yake watu walichezea ngoma vilitumiwa siku hiyo kutenganisha mume na mke. Hapakuwa na kuagana. Palikuwa na kuondolewa tu, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo ninayoijadili.

Miaka mitano baadaye, mwezi Septemba 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda Marekani kwa mpango ulioongozwa na Mboya. Jamaa zao waliwasindikiza. Wengine kati ya waliosafiri mwaka huo na katika miaka iliyofuata walirudi wakawa mawaziri, maprofesa na madaktari. Wengine hawakurudi. Lakini wote waliondoka wakiwa wameshikwa mikono, wamebarikiwa na kulilia bega la mtu. Naamini kwamba hata aliyeachwa nyuma milele aliweza kuibeba huzuni yake, kwa sababu alikumbuka mahali na saa ambapo mikono iliachana.

Sasa nije kwenye densi. Wapo wanaodhani kwamba kucheza wakati wa kuagana ni uhuni wa vijana wa leo. La hasha! Mababu zetu walilijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya wana ngoma ya isukuti, ambayo huchezwa katika kuzaliwa, katika harusi na pia katika mazishi. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiingiza ngoma hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Waluo wana tero buru, ambapo wanaume hutoka kwa kishindo, kwa nyimbo na kwa mbio, ili kukifukuza kifo kutoka bomani mwa marehemu. Wagiriama wa pwani wana kifudu, ngoma ya matanga. Katika desturi zote hizi tatu, anayeagwa haagwi chumbani. Huagwa uani, mbele ya ukoo na kijiji, na miili ya walio hai ndiyo inayosema yale ambayo ndimi zimeshindwa kuyatamka.

Najua kwamba nikizungumza juu ya kucheza kwenye matanga, mwalimu wa Eastlands atakumbuka mara moja disko matanga. Hapo nakiri kwamba hoja yake ina uzito. Disko hizo za usiku kucha, zenye ulevi na kuharibiwa kwa watoto wa watu, zimepigwa marufuku mara kadhaa katika sehemu mbalimbali za nchi, na wazazi waliofurahi walikuwa na sababu. Lakini tusisahau zilianzaje. Maskini wa mjini alipofiwa alihitaji fedha za jeneza na za gari la kumsafirisha marehemu hadi kwao, na muziki ndio uliowaita wachangaji. Kilichoharibika si wazo la kucheza kwa ajili ya anayeondoka. Kilichoharibika ni kwamba wazee walijitoa, wakawaachia usiku wote wafanyabiashara wa pombe. Sisi tulichagua saa nane mchana, na wazee tuliwaalika wakae mbele.

Video yetu ilianza vipi? Ilianza na nafasi iliyo wazi. Tulikuwa wachezaji kumi na wanne tulipoanza mazoezi. Katikati ya muhula kijana mmoja hakuonekana. Siku ya tatu tuliambiwa kwamba familia yake ilishindwa kulipa kodi ya nyumba, ikapakia vitu usiku na kurudi Nyanza. Hakumwambia yeyote. Vitabu viwili vya shule vilikuwa bado dawatini mwake. Nilitarajia wenzake wajaze pengo lake, maana ndivyo ifanywavyo katika kila timu, lakini walikataa katakata. Msichana mmoja alisema, "Mwalimu, tukijaza nafasi yake itakuwa kama hakuwahi kuwepo." Basi nafasi iliachwa wazi. Katika densi nzima kuna mahali ambapo wachezaji hupita wakizunguka kana kwamba mtu amesimama hapo, na mara moja tu, kuelekea mwisho, mmoja hunyoosha mkono na kuushika upepo.

Hayo hayakufundishwa na mwalimu, na hayakutoka katika kitabu. Yalitoka kwa watoto wenye umri wa miaka kumi na mitano na kumi na sita, ambao wameona majirani wakihama usiku tangu walipoanza kutambua mambo.

Chombo kikuu cha densi yetu kilikuwa mkokoteni. Mkazi yeyote wa Eastlands anajua kwamba maisha yote ya familia, yaani godoro, meza, sufuria, jiko, ndoo na picha ya harusi, hutoshea kwenye mkokoteni mmoja au miwili. Tuliukodi kutoka kwa mchukuzi mmoja wa karibu na soko. Alipowaona wanafunzi wakijifanya kuusukuma kwa mbwembwe, alicheka, akawataka wasimame. Kisha akawaonyesha jinsi mzigo unavyoinuliwa hasa: miguu ikitanguliwa na pumzi, mgongo ukiwa umenyooka, uzito wa mwili ukitupwa mbele kabla gurudumu halijaanza kusogea. Kwa dakika ishirini mtu huyo, ambaye hakuwahi kuitwa mwalimu na yeyote, alikuwa mwalimu bora kuliko mimi. Hatua zile alizowafunza ndizo zilizokuwa mwanzo wa densi.

Kupata kibali lilikuwa jambo jingine. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyotungwa mwaka 1962 kabla hata bendera ya uhuru haijapandishwa, iliweka sharti kwamba filamu ya kuonyeshwa hadharani isitengenezwe nchini bila leseni. Sheria hiyo ilitungwa na watawala waliohofia wananchi kutazamana wenyewe kwa wenyewe. Tuliziandikia barua afisi husika, tukabisha hodi, tukasubiri. Afisa mmoja, ambaye sitamtaja wala kuitaja afisi yake, alitudokeza kwamba karatasi ingetembea haraka iwapo tungeipaka mafuta kidogo. Hatukuipaka. Ilitembea polepole, lakini ilifika. Wanafunzi walijifunza hapo somo la uraia ambalo hakuna mtihani unaoweza kulipima.

Historia yetu inatukumbusha kwa nini tusiudharau ugumu huo. Mwaka 1977, kule Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza tamthilia katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao. Leseni ilifutwa mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukavunjwavunjwa. Waliouvunja walifahamu jambo ambalo walimu wengi bado hatujalifahamu, kwamba uwanja ambapo watu hukusanyika na kujitazama una nguvu kuliko kitabu kilichofungiwa maktabani.

Siku ya kurekodi ilipofika, tulikuwa na simu mbili, spika moja ya kuazima na kamba ya kuwazuia watoto wadogo. Kamba haikusaidia kitu. Kufikia mara ya tatu ya kurudia, watoto walikuwa wamezijua hatua zote na walikuwa wakicheza pembeni kwa ufundi wa kutuaibisha. Tuliwaacha. Nyanya mmoja aliyekuwa ameketi kibarazani aliuliza ni nani amekufa. Alipoambiwa kwamba hakuna aliyekufa, ila wanafunzi wanacheza juu ya watu wanaohama, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi chezeni vizuri, wajukuu wangu. Mimi nimewaaga wengi hapa, na wengine hawakujua kwamba nilikuwa nawaaga."

Si wote waliotufurahia, na ni haki niwataje. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo alitufokea kwamba hataki umaskini wake uonyeshwe kwa watu wenye simu. Alikuwa na haki kamili. Tuligeuza kamera, tukafuta picha ambazo zilikuwa zimechukua mlango wake, na tukamwonyesha kwamba tumezifuta. Mahali pa umma ni pa watu wote, lakini sura ya mtu si mali ya umma. Hili nawaomba wanafunzi wanaopenda kupiga picha walishike sana, hususa siku hizi ambapo kila kijana anatembea na kamera mfukoni.

Kuna wanaosema kwamba mambo ya densi na video ni ya Wazungu na ya watu wenye fedha. Nawajibu kwa mifano miwili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mkenya Opiyo Okach na Mkongo Faustin Linyekula walianzisha pamoja jijini Nairobi kundi la densi la Gàara. Kazi yao iliyoitwa Cleansing ilipata tuzo katika shindano la bara zima mwaka 1998. Mbegu ya densi ya kisasa ya Afrika Mashariki, basi, haikuletwa kutoka ng'ambo ikiwa imekwisha kuota. Mojawapo ilipandwa papa hapa.

Mfano wa pili unatoka Ujerumani. Katika mji wa Wuppertal aliishi mtunzi mashuhuri wa densi, Pina Bausch. Alikuwa akijiandaa kutengeneza filamu pamoja na mwelekezi Wim Wenders alipofariki ghafla mwezi Juni 2009. Wachezaji wake walibaki kama watoto walioachwa njiani. Mwishowe filamu hiyo ilitengenezwa na ikatolewa mwaka 2011. Humo wachezaji hao wanacheza mmoja mmoja na wawili wawili kwenye makutano ya barabara, bustanini, na ndani ya lile gari la moshi la Wuppertal linaloning'inia juu ya mto. Hawakumwagia mwalimu wao katika ukumbi uliofungwa. Walimwagia katika mji aliouishi, magari yakipita. Jambo ambalo mababu wa Isukha walilijua kwa karne nyingi, wasanii wa Ulaya walilifikia kwa njia yao wenyewe: huzuni ikitolewa nje hugawanywa kwa wengi, na mzigo uliogawanywa hubebeka.

Na uwanja ukikosekana, je? Jibu tulilipata mwaka 2020. Maradhi ya korona yalipoingia nchini, mazishi yaliwekewa mpaka wa watu 15. Watu walizikwa mapema asubuhi, kwa haraka, na waombolezaji wachache waliovaa barakoa. Sharti hilo lilikuwa na sababu zake za kiafya. Lakini muulize yeyote aliyefiwa na mzazi mwaka huo, naye atakwambia kwamba anahisi kana kwamba mazishi hayo hayajaisha hadi leo.

Mwaka huohuo, tarehe 4 Mei, katikati ya marufuku ya kutotoka usiku na majira ya mvua, matingatinga yaliingia Kariobangi yakabomoa makazi ya maelfu ya watu, licha ya amri ya mahakama iliyolizuia tendo hilo. Mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Aprili, wakazi wa kingo za mto Mathare nao walibomolewa. Madarasa ya shule za jirani yalionekanaje juma lililofuata? Walimu waliokuwako wanajua. Madawati yalikuwa matupu, na majina yaliitwa kwenye rejista bila kuitikiwa. Watoto hao hawakuagana na yeyote. Walitoweka tu, kama chaki inavyofutwa ubaoni.

Mwanafunzi anayetoweka namna hiyo huacha jeraha mara mbili. Yeye mwenyewe anafika shule mpya akiwa na moyo uliobaki nyuma. Na wenzake waliobaki wanajifunza somo la hatari, kwamba mtu anaweza kuondolewa kati yao na dunia isijali. Anayejifunza hilo akiwa mdogo atakapokuwa afisa hatashtuka kutia saini karatasi ya kuwaondoa wengine.

Hii ndiyo sababu nasema kwamba densi ya kuagana ni kazi ya shule, tena ni kazi ya maana. Mtaala wa umilisi uliotandazwa nchini kuanzia mwaka 2019 unatambua sanaa, na katika shule za upili za juu sanaa na michezo vimepewa njia yake pamoja na sayansi na masomo ya jamii. Tamasha za kitaifa za maigizo, ambazo ni za tangu enzi za ukoloni, siku hizi zina nafasi ya densi ya kubuni na ya filamu. Milango iko wazi. Kinachokosekana ni walimu walio tayari kuwapeleka wanafunzi nje ya lango la shule, wakatazame mtaa wao wenyewe kama mahali panapostahili kuchezewa, kuandikwa na kuhifadhiwa.

Kwa wale watakaojaribu, nina mashauri machache. Waachieni wanafunzi wachague ni kuagana kupi wanakotaka kukucheza. Si kila mtoto amefiwa, lakini kila mtoto ameachana na mtu. Tafuteni mabingwa wa mtaani, kwa maana mchukuzi, msusi na kondakta wa matatu wana miondoko ambayo hakuna kitabu kinachoifundisha. Ombeni ruhusa ya afisi, na zaidi ya hapo ombeni ruhusa ya wenyeji. Msionyeshe sura ya mtu asiyetaka, na msisambaze picha za watoto wadogo ovyo. Video ikikamilika, ionyesheni kwanza papo hapo mtaani, kwenye ukuta au shuka jeupe, kabla ya kuipeleka kwenye mashindano. Kisha wekeni nakala shuleni na nyingine kwa mzee wa mtaa, kwa sababu simu hupotea na walimu huhamishwa.

Na kwa wanaochora ramani za maghorofa mapya nina ombi moja tu. Mnapohesabu vyumba, maegesho ya magari na vibanda vya biashara, hesabuni pia uwanja. Usiwe ukanda mwembamba wa nyasi uliozungushiwa waya na kuwekewa kibao cha kuwakataza watu wasikanyage. Uwe uwanja wa kutosha hema moja la harusi au la matanga, mkokoteni mmoja, na wachezaji kumi na watatu wanaoizunguka nafasi ya wa kumi na nne. Ghorofa lisilo na mahali pa kuagania litakuwa na wapangaji wengi, lakini litachelewa sana kuwa na majirani.

Kwa wanafunzi ninaongeza neno la mwisho. Huenda mtaa wenu utabaki, huenda utabomolewa. Hilo halimo mikononi mwenu kwa sasa. Lakini jirani akihama, nendeni mkamsaidie kupakia. Mshikeni mkono, mtakeni radhi kwa kelele za usiku na kwa chumvi mliyoazima msirudishe, na mwambieni kwamba mlimwona alipoishi. Mkiweza, mchezeeni. Kuaga kila mtu anaweza. Kuagana ni jambo tunalopaswa kufundishana.